Saa Kumi na Moja Angani

Itumba, Ileje
4 Machi 2014

Mwanangu Tusekile,

Tunakusalimu. Mahindi yamebeba vizuri.

Saidi wa Tunduma, anayefuata bidhaa huko kwenu Guangzhou, China, na anayekuletea barua hii, ameniambia kwamba kutoka Dar es Salaam ni kilomita elfu nane na mia saba, na kwamba ndege huzimaliza kwa saa kumi na moja. Nilivua kofia. Mvua ikinyesha, mimi humaliza kutwa nzima kufika Mbeya tu.

Mama yako anaumwa sana. Alinikataza kukuandikia: "Mwache mtoto, baba Tuse. Huko ni mbali, atakuta mmeshanizika." Nilipomtajia saa hizo alihesabu kwa vidole, kisha akaagiza chumba chako kisiribwe upya.

Baba yako,
Barnaba Kibona