Mguu Niliotolea Ushuhuda

Kiminini,
Jumanne, 10 Juni 2025

Mpendwa wifi yangu Jerono,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Joto la Voi linawatendeaje? Na kaka yangu Gikonyo, kile kifua kimeacha kumsumbua? Huku mvua ni nzuri, mahindi yamefika magotini, na mume wangu Wachira ni mzima.

Mimi ndiye si mzima. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa maana nyumba hii yetu ukinong'ona chumbani wanasikia jikoni, na hili sijataka Wachira alisikie.

Wiki tatu zilizopita nilikuwa naruka mtaro wa shamba. Nikasikia kitu paa! kwa kigimbi cha mguu wa kushoto. Nikageuka nimwone aliyenirushia jiwe. Hakukuwa na mtu. Daktari wa Kitale akasema ni msuli umechanika kidogo, nipumzike, nitembee na fimbo. Akaniambia, "Lakini mama, ukiona mguu umefura na una joto, usingoje kesho."

Siku ya kumi maumivu yakapungua. Jerono, nilifanya haraka. Jumapili nikasimama kanisani nikashuhudia ati Bwana ameniponya, na fimbo nikaiacha pale madhabahuni. Mary Ann, kiongozi wetu wa akina mama, akapiga vigelegele, akaniambia: "Mama Ngige, hebu ruka basi, shetani aone!"

Nikaruka.

Msuli ukachanika tena. Nilicheka na akina mama huku jasho linanitoka. Tangu hapo njiani natembea wima, nikifika nyumbani nashikilia ukuta. Wachira ananiuliza, "Si wewe ulipona?" Nasema ni uchovu tu. Ningerudi hospitali vipi, na kanisa zima liliuimbia mguu huu?

Tangu juzi umefura. Naupima na uzi, kisha napima ule mwingine. Leo uzi uliozunguka mguu mzima umeshindwa kuzunguka huu, limebaki pengo la vidole viwili.

Wewe ndiye uliyemwosha mama yetu ile wiki yake ya mwisho. Sote tulisema ni msuli, kumbe ni damu imeganda mguuni, ikapanda mpaka kifuani. Niambie ukweli, wifi. Mguu wake ulikuwa moto? Ngozi iling'aa hivi? Kila nikivuta pumzi nasikiliza kama itafika mwisho.

Nimeweka kalamu chini kidogo, nikagusa. Ni moto.

Basi sitangoja jibu lako. Namwita Wachira sasa hivi nimwambie yote, atafute gari twende Kitale. Tutapitia kanisani kuchukua fimbo yangu. Leo ni maombi ya akina mama, Mary Ann na wenzake wote wako ndani. Wacha waone.

Msalimie Gikonyo, na umkumbatie Chelangat, binti yenu, kwa niaba ya shangazi yake. Mungu awafunike huko mliko, na mimi anishike mkono leo.

Wifi yako akupendaye sana,
Wamboi