Picha za Singo

Palma, Ijumaa usiku

Alhamdulillahi, zimefutwa zote.

Kumbe kila picha niliyopiga kwenye singo ya mwanangu Fatuma, akisuguliwa mwili kabla ya harusi, kichwa wazi na msiro, ule urembo mweupe wa mti, usoni, ilikuwa inajipeleka kwenye akaunti ya yule mwanamume aliyeniuzia simu. Aliniwashia simu kwa akaunti yake na neno lake la siri, nami nikamwombea dua!

Kama aliziona, sijui. Hilo linaniuma.

Wifi yangu Rukia ndiye aliyegundua. Hakunicheka. Alizifuta, akaitoa ile akaunti, akaniwekea programu inayohifadhi picha humu humu simuni.

"Neno la siri weka mwenyewe, wifi."

"Nikutajie, unishikie nisije nikasahau?"

Akakataa. Akageukia ukutani mpaka nikamaliza kuandika.