Shemeji Anataka Nifute Mistari ya Makosa

Mshauri wangu mpendwa,

Naomba msaada wako, na naomba uniwahi, maana nimefika mahali ambapo nikisikia tu viatu vya shemeji yangu kwenye korido meno yananiuma.

Mimi nafanya kazi kwenye maabara ya kupima maji, na mkuu wa maabara ni mume wa dada yangu, dada aliyenilea tangu mama yetu alipofariki, kwa hiyo nikisema shemeji elewa kwamba huyo ni shemeji, ni bosi, na ni baba pia, wote watatu ndani ya shati moja, na ukigombana na mmoja umegombana na wote.

Shemeji ametengeneza chujio la maji. Sisemi ni bovu, ni chujio zuri, amelihangaikia miaka, na hospitali ya hapa kwetu inataka kulifunga kwenye wodi ya watoto wachanga ili wauguzi waache kuchemsha maji ya kukorogea maziwa, maana majiko yenyewe yamechoka na wauguzi wanaungua mikono kila kukicha. Kazi yangu ni kupima na kuchora. Kila wiki nachukua chupa kadhaa za maji yaliyopita kwenye chujio, nahesabu vijidudu, naingiza hesabu kwenye programu ya kompyuta, na programu inanichorea grafu, kila wiki nukta moja, na nukta hiyo ndiyo wastani wa chupa zote, halafu juu na chini ya nukta kinachomoza kistari kinachoonyesha chupa zilitofautiana kiasi gani, kikiwa kifupi ujue zilifanana, kikiwa kirefu ujue moja ilikuwa safi kama machozi na nyingine ungeweza kufugia vyura.

Hivyo vistari vinaitwa mistari ya makosa. Balaa lilianzia hapo hapo, kwenye jina.

"Makosa?" shemeji aliniuliza siku ya kwanza nilipomwonyesha. Yeye ni mhandisi wa mabomba, mambo ya takwimu hayapendi. "Nani kakosa?"

"Hakuna aliyekosa, shemeji. Ni jina tu. Ni namna ya kusema vipimo vinapanda na kushuka."

"Kama hakuna aliyekosa, mbona unatuchorea makosa mbele za watu?"

Nikaeleza. Nikaeleza tena. Nikachora ubaoni. Mshauri, nimeeleza mpaka mate yamekauka, na kila nikimaliza ananitazama kama mtu anayesubiri mvua ipite, kisha anasema, "Sawa, nimekuelewa. Sasa vitoe."

Ingekuwa ni suala la urembo ningevitoa. Lakini kwenye grafu kuna mstari mwekundu, ukipita juu yake maji hayafai kunywewa. Nukta zote ziko chini ya mstari mwekundu. Vistari haviko. Wiki za mvua vinapanda vinauvuka na kwenda zao juu, maana yake wiki hizo kuna chupa zilizotoka kwenye chujio zikiwa chafu kabisa, na nilizihesabu mwenyewe kwa macho yangu.

"Wastani uko chini ya mstari mwekundu au hauko?" ananiuliza.

"Uko."

"Basi."

Akaniambia nivifanye vyembamba, nikavifanya vyembamba. Akasema vinamkera macho, nikavipaka rangi ya kijivu. Akasema bado anaviona! Kisha siku moja akaja anacheka kabisa, kaweka kidole kwenye skrini, "Wewe mtaalamu, hiki kistari chako kimeshuka chini ya sifuri. Hebu nionyeshe mdudu aliye chini ya sifuri nami nimwone." Mshauri, nilinuna siku nzima.

Asubuhi ya mkutano na watu wa hospitali nilikwenda kuchapisha karatasi, nikarudi nikakuta amekaa kwenye kiti changu. Alifuta neno moja tu kwenye amri inayoiambia programu ichore vistari. Grafu ikatoka nukta tupu, laini kama nywele zilizochanwa kwa mafuta. Mkutanoni watu wa hospitali wakaitazama ukutani, wakafurahi, na muuguzi mkuu wa ile wodi, mama mmoja mfupi asiyecheka ovyo, akauliza, "Kila chupa ilikuwa hivi?"

"Ndivyo ilivyo kwa wastani, ndiyo," shemeji akajibu.

Yule mama akanigeukia. "Na wewe binti uliyechora, unasemaje?"

Nikasema, "Wastani ndivyo ulivyo." Ni kweli, mshauri. Ni kweli tupu, na ndiyo iliyonifanya nikuandikie.

Nilikwenda kwa dada nikamweleza, nikidhani atanisikia. Alikuwa anafua, hakuinua hata kichwa. "Yaani ndoa yangu ipate nyufa kwa ajili ya kistari? Mume wangu halali kwa hilo chujio, wewe unaleta vistari! Ungekuwa umemkuta anaiba, sawa. Kistari!" Akakamua shati kama anakamua shingo yangu.

Jumatatu ijayo wanafunga chujio na kuzima majiko. Nikisema, nimemwaibisha aliyeniajiri na kumvunjia dada nyumba. Nikinyamaza, sijui. Na kinachoniudhi kuliko vyote ni kwamba ninaonekana mgomvi, mimi, ambaye nilichofanya ni kuchora kilichopo. Nifanyeje? Namba yangu ya simu nimeiweka hapa chini.

Ni mimi,
Mchoraji Niliyechoka

*

Mchoraji,

Pole. Ipokee vizuri, maana ndiyo ya kwanza na ya mwisho, yanayofuata ni ya kukugombeza.

Barua yako niliisoma nimesimama. Kwa kuwa uliweka namba, sikungoja gazeti litoke, nilikupigia, na kwa ruhusa yako nawaeleza wasomaji tuliyozungumza, maana maabara ni nyingi na mashemeji ni wengi.

Ulipokea kwa kunong'ona. "Niko stoo," ulisema.

"Vistari vinauvuka mstari mwekundu?" nikakuuliza.

"Vinauvuka. Wiki za mvua."

"Na hao watakaokunywa hayo maji wana umri gani?"

Ukaanza kunieleza habari za majiko.

"Binti, nakuuliza."

"Wengine wanazaliwa leo."

"Sasa mimi unaniomba ushauri wa nini?"

Ukaanza kulia, na sikukubembeleza. Sikukubembeleza kwa sababu muuguzi mkuu alikuuliza swali zuri, mbele ya watu, akakupa na nafasi ya kujibu, ukamjibu kwa ujanja. "Wastani ndivyo ulivyo." Mtoto hanywi wastani, mama! Anakunywa kikombe alichopewa siku hiyo, na kama siku hiyo ni ya mvua, kikombe chake ndicho kile cha juu kabisa ulichokipaka kijivu ili shemeji asikione.

Halafu nikakugombeza la pili, na hili hukulitegemea. Shemeji yako alipokucheka kwa mdudu aliye chini ya sifuri, alikuwa na haki. Nilifundisha fizikia sekondari kabla ya kuja kusikiliza matatizo ya watu, na wanafunzi wangu walikuwa na kosa hilo hilo: wanaipa programu safu moja ya namba za tofauti, nayo inachora urefu ule ule juu na chini bila kufikiri, kwa sababu kompyuta haijui kwamba vijidudu havipungui chini ya hakuna. Kazi ya kufikiri ni yako. Ulinuna badala ya kufikiri. Programu hizo zinakubali safu mbili, moja ya kushuka na moja ya kupanda. Nikakuambia: anzia kwenye chupa safi kuliko zote, ishia kwenye chupa chafu kuliko zote, na chupa zenyewe uziweke zote kama vinukta vidogo, kila mtu azione. Na lile jina la makosa lifute. Andika chini ya grafu, kwa maneno ya nyumbani: kistari kinaanzia chupa safi kuliko zote na kuishia chupa chafu kuliko zote za wiki hiyo. Mtu asiyependa takwimu anaweza kubishana na kistari. Na chupa atabishana vipi?

La tatu, nilikukataza kukimbilia hospitali kabla ya kwenda kwa shemeji. Mtu aliyekulisha anastahili kuambiwa usoni kwanza. Anastahili hivyo tu, hastahili zaidi ya hapo. "Mwambie awaeleze hospitali mwenyewe, umpe mpaka jioni," nilikuambia. "Jioni ikifika hajapiga simu hospitali, piga wewe."

Juzi ulinipigia tena, safari hii huna haja ya kunong'ona.

Ulimpelekea grafu mpya. Hakusema habari ya makosa. Aliweka kidole kwenye kinukta cha juu kabisa. "Hii ni chupa gani?" Ukamwambia. "Na hii?" Ukamwambia. Zote za wiki za mvua. Akavua miwani, akasema, "Umenimaliza," akachukua funguo za gari akaondoka. Ukasubiri. Jioni ikafika, simu haikupigwa. Ukapiga wewe.

Muuguzi mkuu hakukushukuru. Alikusikiliza mpaka mwisho, kisha akakuuliza, "Mbona hukusema nilipokuuliza?" Nawe, kwa mara ya kwanza katika habari hii yote, ulijibu sawasawa: "Niliogopa." Akasema majiko hayatazimwa, na grafu hiyo aitumiwe yeye mwenyewe, si mwingine. Chujio halikufungwa. Watoto wanakunywa maji yaliyochemshwa, wauguzi wanaendelea kuungua mikono, na hilo si jambo la kushangilia, ila ndivyo mambo yalivyo kwa sasa.

Shemeji hasemi nawe. Anapita, anaitikia salamu kwa pua. Lakini umeniambia mvua iliponyesha wiki hii ulimkuta kapiga magoti chini ya chujio, suruali imelowa, anatia tochi kwenye maungio ya bomba. Mwache. Usimwendee na chai, usimwendee na maelezo. Mhandisi akishapiga magoti hahitaji mtu wa kumsimamia kichwani. Akikuomba chupa, mpe chupa, na uzipime kwa uangalifu ule ule uliozipimia za kwanza, hata kama safari hii unaombea zitoke safi.

Amebaki dada yako. Hapokei simu, na unataka nikutungie ujumbe wa kumtumia. Situngi. Dada aliyekulea hatumiwi ujumbe kama fundi bomba. Jumamosi nenda nyumbani kwake kwa miguu yako. Usibebe grafu, wala usitamke neno wastani mle ndani. Usiombe radhi kwa kusema kweli, maana ukiiombea radhi kweli leo, kesho watakuomba uifute tena. Omba radhi kwa jambo moja tu: kwamba jioni ile ulipopiga simu hospitali hukumpitia yeye kwanza, akayasikia kwa mumewe akiwa na hasira. Hilo ni kosa, tena ni lako.

Atakusema, vumilia. Atakukumbusha kila nepi aliyokubadilisha, vumilia. Kama kuna nguo za kufua, kunja mikono ufue.

Akikufungia mlango, kaa kibarazani. Amekulea mwenyewe, anajua kwamba huondoki.