Mama Amepandisha Kodi ya Uani kwa Ajili Yangu

Shangazi mpendwa,

Naomba unishike mkono maana mwenzio kichwa kimejaa na sijui hata nianzie wapi, ila ngoja nianzie kwenye kazi, mimi nakata vioo vya miwani kwenye karakana moja huku mji mkuu, kazi niliyoisomea na ambayo kwetu haipo, kwetu ni mji mdogo ambao basi likipita dereva hapunguzi hata mwendo, na huku nimepanga chumba kimoja ambacho kitanda kimegusa mlango, ukitaka kuingia unaingia ubavu, jiko liko miguuni pa kitanda na bafu tunachangia watu wa korido nzima, na kodi yake, Shangazi, inameza nusu ya mshahara kabla sijanunua hata sabuni, na mara mbili nimeshaichelewesha.

Nyumbani hawakuwahi kuamini. Kwetu kwa pesa hiyo unapanga nyumba nzima na uwanja wake, kwa hiyo kila nikisema mwezi huu sina cha kutuma kaka yangu anacheka, anasema, "Sema tu ukweli, kuna mwanaume unamlisha," na mama pembeni anaguna, basi nikamwambia mama njoo uone mwenyewe, akaja, akaingia ubavu kama sisi wote, akakaa kitandani na mkoba mapajani, akaniuliza, "Haya, sebule iko wapi?"

"Mama, hapa ndipo sebule."

"Na mlango ule?"

"Wa jirani."

Akauliza kodi ni kiasi gani, nikamtajia, akanitazama kama nimemtukana. Siku ya kuondoka, pale stendi, alinibana mkono akasema, "Kumbe ulikuwa unasema kweli mwanangu. Niachie mimi." Nikafurahi, nikajua yamekwisha.

Mwezi uliofuata akaanza kunitumia pesa. Nilishangaa, mama hana biashara, nikamuuliza zinatoka wapi, akasema, "Wewe lipa kodi, usinihoji." Nikalipa. Juzi nikiwa kazini ikaingia simu ya Mwalimu, na huyu Mwalimu ndiye aliyenifundisha kusoma, ni mjane, amestaafu, amepanga vyumba viwili vya uani kwetu tangu mimi niko darasa la kwanza, na ndiye anayemkumbusha mama vidonge vyake vya presha kila asubuhi, wanaitana dada. Akasema kwa upole, "Mwanangu, nisamehe kukusumbua. Hivi ulimwonyesha nini mama yako huko, mpaka akarudi kunidai kodi ya huko?"

Shangazi, akanieleza yote. Kumbe mama amempandishia kodi maradufu, ati kama mtoto wake analipa vile kwa kijichumba, vyumba viwili na uwanja haviwezi kuwa vya bure, na nyongeza yote ndiyo inayokuja kwangu, na Mwalimu kwa pensheni yake hawezi kuendelea, ameshapata chumba nyuma ya soko na vyombo ameanza kufunga.

Nikampigia mama. Akaniambia, "Huko wanakutoza, na mimi hapa natoza, kosa langu nini? Au nyumba yangu haina thamani kwa vile iko huku?" Nikakosa jibu, maana fundi mwenzangu anatoka mji wa mpakani, anasema kwao kodi ziliruka wafanyabiashara walipofurika na wenye nyumba wakasema ndiyo soko, na dada wa mapokezi aliishi mji wenye chuo, huko bei ni nyingine tena, nchi moja, bati lile lile, saruji ile ile. Sasa bei ya haki ni ipi? Mama ana kosa au hana? Nikizikataa pesa nitatupiwa virago nje, nikizipokea namfukuza Mwalimu. Nifanyeje?

Wako niliyechanganyikiwa,
Mkata Vioo

*

Mkata Vioo,

Pole, mwanangu. Sasa futa uso nikugombeze.

Mama yako si mchoyo. Mchoyo angepandisha kodi akajinunulia kabati. Yeye alikuona unaingia chumbani ubavu, ikamuuma, akashika kilichokuwa karibu, na kilichokuwa karibu ni Mwalimu. Lakini kosa analo, na wewe ulipokosa jibu kwenye simu ulimwacha nalo.

Bei ya haki mimi siijui, na anayekwambia anaijua anakudanganya. Ninachojua ni kwamba kodi hailipwi na bati wala saruji, inalipwa na mtu. Hapo ulipo watu wanagombania vyumba kwa sababu kazi ziko hapo. Kwenu nani anagombania? Mwalimu akihama, vile vyumba vitapangwa na popo. Mama amebeba bei ya mji mkuu akaenda nayo nyumbani, mshahara wa mji mkuu akausahau huko.

Na wewe! Pesa zinatoka kwa mama asiye na biashara, unaambiwa usihoji, unatii? Mtu unayepima kioo mpaka unene wa unywele?

Kuanzia leo pesa hizo usipokee. Ulizokwisha kula utamrudishia Mwalimu mwenyewe, mkononi, hata kama ni kidogo kidogo. Chumba hicho huna ubavu nacho peke yako, kubali. Muulize huyo dada wa mapokezi kama anatafuta mwenza wa kuchangia nyumba, au hamia pembeni ya mji uamke alfajiri kama wanavyoamka wengi. Kaka yako naye mwambie aje alale kwenye hicho chumba wiki moja, aone huyo mwanaume amejificha wapi.

Ya mama usiyamalize kwa simu. Omba ruhusa kazini, panda basi wiki hii hii, umwambie uso kwa uso: "Mama, ulitaka kunisaidia na nimeona. Sasa nisaidie kwa kuacha." Atanuna. Mwache anune, ni mama yako, hasira zitamwisha.

Ila ukishuka kwenye basi usianzie kwake. Zunguka nyuma, piga hodi uani, umwambie Mwalimu afungue vyombo. Mama atakusubiri hata mpaka jioni. Mtu aliyekwisha funga mizigo hasubiri.

Shangazi