Nimeitikia "Bibi"

Shoga, usicheke. Leo nusura nilazwe.

Nilimsindikiza mjukuu wangu, huyu muuguzi mpya, akaulizwe maswali ya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Hospitalini nako wameshamkubali. Mwezi mzima namwimbia: nenda hospitali, huko kwa wazee utajifunza nini?

Basi nimekaa ukumbini namsubiri. Akatokea muuguzi mmoja mbio mbio, akaita, "Bibi! Twende." Nami nikaitika! Nani asiyeniita bibi? Nikadhani naenda kupewa chai.

Kumbe nakalishwa kitandani, navuliwa viatu, nafungwa mkononi utepe wenye jina la mtu mwingine.

Nikamwambia, "Mwanangu, mimi namsubiri mjukuu."

Akanipigapiga begani. "Nyote hapa mnasubiri wajukuu, bibi. Atakuja."

Nyote hapa, shoga! Wala hakuwa na ubaya. Uso wake ulikuwa umechoka kuliko wangu. Wazee arobaini, na yeye yuko peke yake.

Bibi wa kitanda cha pili akaniuliza, "Wako anakuja lini?"

Mjukuu aliponikuta alicheka mpaka machozi, kisha yakawa machozi ya kweli. Njiani akaniuliza, "Basi niende hospitali, bibi?"

Nikamwambia, "Nenda kule kule kwa wazee. Ila kila mmoja umwite kwa jina lake."

Nimechoka, shoga. Utepe bado uko mkononi. Mwenye jina hili, sijui kama leo kuna aliyemwita.