Maji Mdomoni na Zimwi la Mhariri

Alhamisi, jioni, kambi ya Nakivale. Jua limewaka tangu asubuhi, vumbi la barabara ya Isingiro bado limo kooni mwangu, na nina hasira. Nasema hasira, sisemi huzuni. Wanawake wa umri wangu hutarajiwa kuwa na huzuni.

Leo nilikwenda Mbarara kuonana na mhariri. Nilikuwa nimempelekea hadithi kwa ajili ya kitabu cha hadithi za wakimbizi anachokikusanya. Nilifundisha Kiswahili Uvira, kwetu Kongo, kwa miaka mingi, nikasahihisha insha za watoto wa watu mpaka macho yakachoka, lakini jina langu halijawahi kukaa juu ya ukurasa wa kitabu. Nilitaka likae. Naungama hilo mapema, asije mtu akadhani kwamba sikuwa na cha kupoteza.

Hadithi yenyewe ni hii. Kwetu, msichana akikaribia kuolewa, mashangazi humfunda. Humwambia: mumeo akianza kufoka, jaza maji mdomoni, usiyateme wala usiyameze mpaka anyamaze; hivyo hutamjibu, na ndoa itadumu. Huyasema hayo kwa upole, na kila mtu hucheka.

Mimi niliyachukua maneno hayo nikayatii mpaka mwisho wake. Nikaumba nchi ambayo kila mke, kwa sheria, hukaa na maji mdomoni mumewe anapokuwa nyumbani. Watoto wa nchi hiyo hujifunza kusema kwa baba tu. Ndimi za wanawake zimekuwa nyeupe, kama kitu kilichosahauliwa mtungini. Siku moja wanatema wote kwa pamoja, na maji hayakauki. Yanapanda mlango kwa mlango mpaka ziwa linafunika mapaa, na hakuna anayeokoka, hata wao.

Ndivyo ninavyoandika. Sitafuti mambo ya kutisha porini. Nachukua neno moja ambalo wanawake huambiwa kwa tabasamu, kisha naliacha liende lisikozuiwa.

Nikimaliza rasimu, huwasomea majirani wanapochambua maharage barazani kwangu. Mikono yao isiposimama, najua nimeandika upuuzi. Siku niliyowasomea hadithi hii, Furaha, binti wa jirani, aliweka ungo chini akauliza, "Na kama bwana anamuuliza swali, atajibu namna gani?"

Mikono yote ikasimama. Swali hilo ndilo lililonipa nusu ya pili ya hadithi: mke anayepigwa kwa sababu amenyamaza, naye amenyamaza kwa sababu ameamriwa. Nayo niliwasomea baadaye, mikono ikasimama tena.

Mhariri ni kijana mpole. Ofisi yake iko Nyamitanga, ng'ambo ya mto Rwizi. Alinipa chai, akanitafutia kiti chenye mto.

"Mama, stori yako ni mzuri sana," alisema. "Lakini hii mwisho, watu wataogopa. Na hii ubaya ya huyu bwana, si tupatie zimwi? Zimwi inatoka kwa ziwa, inalazimisha wamama."

Nilimuuliza mashangazi watakwenda wapi. Akasema watamsaidia bibi harusi kulishinda zimwi, mume atajuta, na wote watayanywa maji hayo kwa amani. Nimpe jibu kesho. Bila mabadiliko hayo, hadithi haiingii kitabuni.

Sarufi yake niliisamehe, ijapokuwa si tabia yangu. Fikra yake sikuisamehe.

Zimwi!

Zimwi halina shangazi. Haliendi kanisani Jumapili na kukaa benchi la mbele. Halisalimiwi sokoni. Likiuawa, msomaji hufunga kitabu akaenda kula, mikono yake ikiwa safi. Ndiyo maana wanalipenda. Mwanamke aliwe na kitu chenye pembe, watasema hadithi ni tamu. Aliwe na ushauri mwema wa jamaa zake, watasema mwandishi ana giza moyoni. Tena wanaonilalamikia giza ni wale wale ambao, wakilikuta nyumbani kwa jirani, huliita uvumilivu.

Lakini nitasema kweli yote. Njiani, garini, nilianza kuikata hadithi. Nilimnyang'anya shangazi wa kwanza ushauri wake, kisha wa pili. Tulipofika Isingiro nilikuwa nimekwisha kulitengenezea zimwi mkia.

Nilitaka sana jina langu likae kitabuni.

Nilipofika nyumbani niliitwa kwa kina Furaha. Anaolewa Jumamosi, na leo ilikuwa siku ya kumfunda. Nisingekwenda, mama yake angeona nimemdharau. Nikawekewa kiti mbele, kwa kuwa mimi ni mzee wa mtaa. Katika shughuli hii mzee ana kazi moja tu. Bibi harusi hujaza maji mdomoni, mashangazi hujifanya mume na kumtukana, na akistahimili, mzee hutamka "Meza," shughuli ikaisha.

Mama Riziki, shangazi wa bwana harusi, alijifunga kitenge kiunoni, akavaa kofia ya kiume, akaanza kuzunguka mkeka akitikisa kidole.

"Weye mwanamuke! Chakula iko fasi gani? Nakuuliza weye! Masikio uliacha kwenu?"

Wanawake walicheka mpaka wakashikana mabega. Mmoja akapiga kelele kutoka nyuma, "Muulize na sukari, bwana! Jana ilikuwa mingi!"

"Eeh, na sukari! Unaninyamazia? Mimi ni mutoto mu hii nyumba?"

Furaha alikaa wima. Mashavu yake yalikuwa yamejaa, machozi yakimshuka kwa sababu ya kuzuia pumzi, au kwa sababu nyingine. Hakumeza, hakutema.

"Huyu atakaa!" walisema. "Huyu hawezi kuachika!" Vigelegele vikapigwa.

Nilikuwa nikiitazama nusu ya pili ya hadithi yangu. Ilichezwa neno kwa neno, mchana kweupe, na wanawake wale wale waliosimamisha mikono juu ya maharage nilipowasomea. Hakuna aliyeitambua. Isipokuwa Furaha. Furaha alikuwa ananitazama mimi.

Wote wakanigeukia, wakingoja neno langu.

"Tema," nilisema.

Furaha akatema. Maji yakaanguka mkekani, karibu na miguu ya Mama Riziki. Mama Riziki akavua kofia taratibu.

"Mwalimu," alisema, "haiishaka vile."

Mara mbili kwa siku moja nimeambiwa kwamba mwisho wangu si mwisho.

Nilitarajia nini? Katika hadithi, wakitema, maji hupanda. Hapa palibaki doa dogo tu, na likakauka kabla sijavaa viatu vyangu. Furaha alifuta kidevu. Mdomo wake ulikuwa mtupu, hapakuwa na kitu cha kumzuia, na bado hakusema neno. Basi hilo ndilo kosa la hadithi yangu, na mhariri hakuliona. Haikuzidi giza. Niliharakisha. Nilidhani kutema kunatosha.

Zimwi nimelirudisha ziwani, pamoja na mkia wake. Asubuhi nitampigia mhariri nimwambie kwamba mashangazi watabaki walivyo, mume atabaki alivyo, na kama kitabu hakina nafasi yao, hakina nafasi yangu. Itaniuma. Na iniume.

Kisha, kabla ya Jumamosi, nitakwenda kwa Furaha, bila kikombe cha maji na bila shangazi. Nitamuuliza kama anataka kuolewa, maana leo aliulizwa habari za chakula na sukari, lakini hilo sikumsikia mtu akimuuliza. Nitakaa pale mpaka ajibu.