Taa za Nyumba ya Prakash

Shamba la mkonge, Voi
9 Agosti 1998

Mke wangu Mama Bochaberi,

Barua yako imenikuta mzima, ila mikono imechubuliwa na mkonge. Nimefurahi kwamba ndizi zimezaa, na kazi ya kufua kwa Prakash pale Kisii bado unayo.

Umenieleza jinsi fundi Osoro alivyovuta nyaya kutoka kompyuta ya Prakash hadi kwenye taa, pampu ya maji na kengele ya lango, hata ukibonyeza kitufe sebuleni, taa ya jikoni inawaka. Nimeelewa. Lakini Osoro ametajwa mara saba, mtoto wetu mara moja. Eti akakwambia, "Bonyeza wewe, Kemuma, usiogope." Kemuma! Mimi mumeo nakuita Mama Bochaberi.

Wewe hukusoma, na siku zote dada yangu Ruth ndiye anayekuandikia. Mwandiko wa barua yako hii si wake, wala Ruth hajui majina ya nyaya.

Basi Osoro, najua ni wewe unayemsomea haya. Msomee yote, usiruke. Mwambie nimepewa ruhusa, mwisho wa mwezi nitakuwa nyumbani Birongo. Koroboi yetu nitaiwasha mwenyewe, kwa kiberiti.

Ni mimi mumewe,
Machogu